Chai ya shamari: funika kikombe

Nguvu ya mbegu za shamari imo kwenye mafuta yake yanayonukia, hasa anetholi, ambayo husaidia kulegeza misuli ya utumbo na kutoa gesi. Twanga kijiko kimoja cha chai, mbegu zipasuke tu zisiwe unga. Mimina mililita 250 za maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Kuzitokosa jikoni ni kupoteza dawa: mafuta hupaa na mvuke. Mbegu zisizonukia ukizisugua kiganjani, tupa.

Vitamini C, potasiamu na nyuzinyuzi usizitafute kwenye chai. Kula lile tunguu nene la mmea wa shamari, lililo chini ya majani, likiwa bichi. Mjamzito, mtoto mchanga au mwenye mzio wa karoti (ni jamii moja na shamari) amwone daktari kwanza.