Kutoka Mao ya Kikwajuni hadi bwawa la Shaoshan

Kwetu Unguja ukimwambia mtu "tukutane Mao", hakuulizi Mao yupi. Ni uwanja wa mpira, pale Kikwajuni, na jina lake kamili ni Uwanja wa Mao Tse Tung. Mimi nimeujua uwanja kabla sijamjua mtu. Nimekwenda Mao pekupeku, nimerudi Mao goti limechubuka, nimetandikwa na mama kwa kuchelewa Mao. Kwamba Mao, yule kiongozi wa mapinduzi ya China, alikuwa binadamu, kazaliwa na mama na kagombana na baba, hilo sikulitia akilini mpaka siku ile ya Juni niliposimama stesheni ya Changsha Kusini nikiwa na tiketi ya Shaoshan, kijiji alikozaliwa, jasho linanichuruzika.

Niko Changsha kwa masomo, mwaka wa pili huu. Ni mji mkuu wa jimbo la Hunan, na watu wake wanatia pilipili kila chakula kama sisi tunavyotia nazi. Kila anayenijua alishaniuliza: umeshafika Shaoshan? Nikasema haya, Jumanne sina kipindi, nakwenda. Asubuhi ile nikajipanga kwenye foleni ya wenye vitambulisho vya kichina, mashine ikaikataa pasi yangu, nikarudishwa hadi mwisho wa foleni nyingine ya kukaguliwa kwa mkono. Kosa langu, maana nilishaambiwa. Nilipanda behewa milango ikikaribia kufungwa.

Treni ya kasi inachukua kama nusu saa tu. Mpunga, mabwawa, vilima vyenye mianzi, mpunga tena. Mwenzangu wa darasani, mtoto wa Xiangtan, mji wa jirani, alikuwa ananisubiri nje ya stesheni na miavuli miwili, kumbe si ya mvua, ya jua. Tukapanda basi dogo, kisha basi la watalii, kisha tukajiunga na foleni.

Foleni yenyewe ilikuwa ya wazee. Wametoka mikoa ya mbali kwa mabasi, wamevaa kofia za rangi moja ili wasipotezane. Bibi mmoja mbele yetu aligeuka, akanitazama bila ya haya.

"Mwanangu, unatoka nchi gani?"

"Tanzania, bibi."

Akampiga kofi la bega mzee aliye pembeni yake. "Tanzania! Si kule kwenye reli?" Akaanza kuniuliza kama ile reli bado inapita. Watu wa umri wake wanaikumbuka TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, pengine zaidi ya vijana wetu. Nikamjibu kwamba mimi natoka visiwani, reli hatuna, lakini tuna uwanja wa mpira wenye jina la Mao. Alicheka hadi kofia ikamwanguka.

Nyumba ni hapo mbele ya bwawa lenye majani ya yungiyungi. Nilitegemea kibanda. Nimekuta nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba kumi na tatu vya vigae upande wa akina Mao, na upande wa pili alikaa jirani. Kuna zizi la ng'ombe, banda la nguruwe, ghala la mpunga. Mwenzangu akaniona nahesabu milango kwa kidole.

"Ulidhani alikuwa fukara?"

Nilidhani. Ndivyo tunavyozipenda hadithi za wakombozi: zianzie kwenye matambara. Lakini Mao Zedong, aliyezaliwa humu tarehe 26 Desemba 1893, alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa anapanda. Baba yake, Mao Yichang, ndiye aliyeanza chini. Madeni yalimsukuma kwenda kuwa askari, akarudi na akiba, akakomboa shamba la familia, akaongeza mpaka likafika mu 22. Kwa kipimo chetu ni kama ekari tatu na nusu. Utacheka, lakini kwa Shaoshan ya wakati ule hiyo ilikuwa mali. Mzee akaanza kununua mpunga wa wenziwe na kuusafirisha mjini, akafuga nguruwe, akaweka na kibarua.

Mtu wa namna hiyo anataka mtoto wa namna gani? Anataka karani wa bure. Mao alianza kazi za shamba akiwa na miaka sita, akaingia skuli na minane, akatolewa na kumi na mitatu. Alifundishwa kuhesabu kwa fremu ya shanga ili usiku aandike daftari la mzee: nani kauza, nani anadaiwa. Chumbani mwake tulioneshwa kitanda chenye chandarua na taa ya mafuta. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa akiliziba dirisha usiku, mwanga usitoke nje, kwa sababu baba hakutaka kuona mafuta yanateketea kwa ajili ya vitabu visivyoleta faida.

Nilikaa pale dirishani mpaka mlinzi akaniashiria nisogee. Dirisha dogo, ungeliziba kwa shuka moja.

Mengi ya haya tunayajua kutokana na mazungumzo yake ya 1936 na mwandishi wa Marekani, Edgar Snow. Ni maneno ya mtu anayejisimulia, na anayejisimulia huchagua. Hata hivyo kisa cha bwawa sidhani kama ni cha kubuni, maana hakimpambi sana. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Nyumbani kuna wageni, baba akamwita mvivu asiyefaa kitu, mbele za watu. Kijana akamtukana baba yake, akatoka mbio. Mama nyuma anambembeleza, baba nyuma anafoka. Alipofika ukingoni mwa bwawa akageuka: ukisogea hatua moja, najitupa. Mzee akasimama. Wakaanza kupatana bei pale pale. Baba anataka aombe radhi na kusujudu, magoti yote mawili chini. Mtoto akasema atapiga goti moja, kwa sharti asipigwe.

Wakakubaliana. Goti moja!

Kwetu mtoto akimtukana baba mbele ya wageni, hiyo ni habari ya kuvunja radhi, wazee wangeitwa na kisomo kingesomwa. Mao yeye alitoka na funzo jingine: akinyenyekea anapigwa zaidi, akisimama kidete mzee anarudi nyuma. Mimi nililitazama lile bwawa kwa muda. Haliogopeshi. Maji ya kijani, vyura, mtoto mmoja anatupa mkate kwa samaki na babu yake anamkataza.

Kisa ninachokipenda zaidi, ingawa hakuna aliyekipigia picha, ni cha mpunga. Mwaka 1910 kulikuwa na njaa, watu wa Changsha wakafanya fujo, na baadhi ya waliokamatwa walikatwa vichwa na vichwa vikatundikwa. Hapa kijijini mzee Mao aliendelea kusafirisha mpunga kwenda mjini wakati majirani hawana cha kupika. Shehena moja ikaporwa njiani. Baba alihamaki vibaya sana. Mtoto, aliyekuwa na miaka kumi na sita, hakumwonea huruma baba, na wala hakuona kwamba njia ya wale waporaji ilikuwa sawa. Yuko katikati, na daftari analiandika yeye. Kama kuna mahali pa kutafuta mzizi wa yaliyofuata, mimi ningeanzia kwenye daftari lile.

Jikoni kuna shimo la moto na birika limening'inia. Hapa, mwanzoni mwa 1921, wazazi wote wawili wameshakufa, mama 1919 na baba 1920, Mao aliwakalisha ndugu zake akawaambia wafunge nyumba, madeni wanayodai wayasamehe, waondoke kwenda kutumikia mapinduzi. Wakamfuata. Mwenzangu aliyataja majina kwa sauti ya chini: Zejian, dada yao wa kulelewa, aliuawa 1929. Zetan, 1935. Zemin, 1943. Na mke, Yang Kaihui, binti wa mwalimu wake, alipigwa risasi Changsha Novemba 1930 kwa kukataa kumkana mumewe. Mume mwenyewe wakati huo alikuwa milimani na mwanamke mwingine. Mwaka 1982 mafundi walipokuwa wanakarabati nyumba ya Kaihui walikuta maandishi yake yamefichwa ukutani. Hilo mwongozaji wa Shaoshan hakuligusa.

Tulipotoka njaa inauma. Kila mgahawa pale unauza kitoweo kimoja, nguruwe wa kupikwa kwa sukari na sosi, ambacho wanakiita chakula alichokipenda Mao. Nikaeleza kwamba mimi Muislamu. Mama wa mgahawa akaitikia kwa huruma, akaniletea mboga. Nikamuuliza imekaangwa kwa mafuta gani. Ya nguruwe. Na samaki? Mafuta ni yale yale. Mwisho nilikula wali mweupe, mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari ya matango yenye pilipili iliyonitoa machozi, na mama yule akakataa katakata kupokea fedha ya mayai.

Kwenye uwanja mkubwa kuna sanamu ya shaba iliyowekwa 1993, miaka mia tangu azaliwe. Ukijumlisha na kitako chake ina urefu wa mita 10.1, kwa sababu Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa mwezi wa kumi tarehe moja. Watu wanaweka maua na wanainama mara tatu. Dukani, vijisanamu havinunuliwi, "vinakaribishwa" nyumbani, ndilo neno wanalotumia, lile lile la sanamu za Budha. Yule bibi wa foleni alikuwa amekaribisha viwili.

Mao mwenyewe alirudi hapa Juni 1959, baada ya miaka 32, akaenda kwenye kaburi la wazazi na tawi la msonobari. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa viongozi wa Chama huko Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai, naye mzaliwa wa Xiangtan hii hii, alimweleza kwamba mambo vijijini yanakwenda mrama. Akavuliwa uwaziri. Njaa iliyokuwapo iliendelea mpaka 1961 na iliua mamilioni kwa mamilioni. Nilimuuliza mwenzangu nyumbani kwao wanasemaje. "Bibi yangu haachi punje kwenye bakuli," akajibu, akaangalia simu yake.

Jioni nikarudi Changsha. Skuli ya ualimu alikosoma kuanzia 1913 hadi 1918 bado ipo, na kisima alichokuwa akijimwagia maji ya baridi alfajiri kipo, kina kifuniko. Kutoka hapo mambo yanakwenda mbio: maktaba ya Beijing kwa mshahara wa yuan 8 kwa mwezi, mkutano wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti Shanghai 1921 wakiwa wajumbe 13, siku 32 za kuzunguka vijiji vya Hunan mwanzoni mwa 1927. Septemba mwaka huo, akiandaa uasi, alikamatwa na mgambo. Wanampeleka kuuawa, akachomoka, akajificha kwenye majani marefu juu ya bwawa mpaka jua likazama, wanaomtafuta wanapita karibu kiasi cha kumgusa. Alipofika kwa wenziwe alikuwa amebakiwa na sarafu mbili za shaba. Mwezi uliofuata akapanda milima ya Jinggang.

Bwawa la pili hilo, na safari hii hakukuwa na wa kupatana naye.

Nilimalizia siku kwenye kisiwa cha Juzizhou, kisiwa cha machungwa, katikati ya mto Xiang alikokuwa akiogelea ujanani. Ncha ya kusini wamesimamisha kichwa chake cha mawe, mita 32, nywele zinapeperuka, uso wa kijana kabisa. Nikapiga picha nikaituma kwa kaka yangu Unguja.

"Huyo nani?" akajibu.

"Mao."

Kimya kidogo. Kisha: "Mao kuna mechi leo?"