Laini ya Posta na Vingunguti

Laini ya mtandao inayounganisha ofisi yetu ya Posta na ghala la Vingunguti, hapa Dar es Salaam, hatimaye imetulia, nami naona niandike yaliyotukuta wakati bado nayakumbuka vizuri.

Awali ghala lilikuwa likiifikia seva ya Posta kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa, iliyopita kwenye intaneti ya kawaida. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipoharibika na intaneti ikadorora, uongozi uliuliza kwa nini ankara ya kutoka Vingunguti kwenda Posta ihangaike na mambo ya bahari. Jibu la kitaalamu ni refu kidogo, kwa sababu watoa huduma wa hapa wanaweza kubadilishana data humu humu jijini, lakini uamuzi wa kukodi laini maalumu ya faiba ya megabiti 100 kwa sekunde niliuunga mkono.

Kuifunga hakukuwa na makuu. Mtoa huduma alivuta faiba pande zote mbili na kuacha kila upande kisanduku kinachogeuza mwanga kuwa ishara za umeme, nami nikaziunganisha rauta zetu, yaani vifaa vinavyoelekeza data kati ya mitandao, kwa anwani za /30, kundi dogo la anwani za mtandao linalotosha vifaa viwili bila ziada. Pingi, jaribio la kutuma pakiti ya data na kupima muda wa jibu, ilijibu chini ya milisekunde mbili, jambo lisilo la ajabu, kwani mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Fundi alitoa papo hapo fomu ya makabidhiano ili niisaini. Nikamwomba tusubiri kwanza ghala liitumie.

Asubuhi na mapema, karani akiwa peke yake, mfumo ulikwenda vizuri, lakini ilipofika saa nne, malori yakiwa yamejipanga getini, ukurasa wa hesabu ya bidhaa uliganda. Faili lililonakiliwa kutoka kwenye seva lilipita kwa chini ya megabaiti moja kwa sekunde, wakati laini ya aina hiyo inapaswa kukaribia 12, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. “Kaka, bora ile ya zamani,” alisema karani, na sikuwa na la kumjibu.

Nilipompigia fundi, alinijibu, “Kiongozi, huku kwetu laini iko safi, mbona pingi inajibu?” Ni kweli ilijibu, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi: pingi hutuma pakiti ndogo, moja baada ya nyingine kwa nafasi, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu laini iliyolemewa na kazi.

Jibu lilikuwa kwenye vihesabio vya mlango wa rauta ya ghala, yaani tundu linapochomekwa waya. Mlango ulijionyesha uko nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na idadi ya migongano ya kuchelewa, ile inayotokea data ikiwa imeshaanza kutumwa kwa muda, ilipanda kila nilipoisoma upya. Kisanduku cha mtoa huduma kilikuwa kimelazimishwa kuwa megabiti 100 dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ilhali mlango wetu ulikuwa otomatiki, yaani wa kujipanga kwa kukubaliana na upande wa pili. Na mlango wa otomatiki usipopata majibu ya makubaliano kutoka upande wa pili huweza kuitambua kasi tu, kisha huchukua nusu dupleksi. Basi wetu ulikuwa kama mtu mwenye redio ya upepo, anayesubiri mwenzake amalize kusema, wakati mwenzake anasema muda wowote anaotaka. Data zikiwa chache hawagongani sana. Zikizidi, upande wetu hukatiza fremu, yaani kifurushi cha data, katikati, na upande wao hupokea vipande ambavyo huhesabiwa kuwa makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika. Nilimwomba fundi anisomee kihesabio hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Zipo nyingi, kiongozi.”

Tulikubaliana pande zote mbili ziwe otomatiki. Taa zilizima, zikawaka, na faili lilelile likapita kwa zaidi ya megabaiti 11 kwa sekunde. Fomu niliisaini baada ya kuendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya laini, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, fundi akiwa amesimama pembeni.

VPN ya zamani nimeibakiza kama njia ya akiba, ila haiwezi kutegemea taa ya mlango: faiba ikikatwa barabarani, kisanduku cha ghalani hubaki kinawaka na rauta huendelea kuamini kwamba njia ipo. Kwa hiyo nimeiagiza rauta iichunguze rauta ya Posta kila baada ya sekunde chache, na isipojibiwa ihamie kwenye VPN. Jumamosi, ghala likishafungwa, nitachomoa faiba ya Posta nione kama inatii.