Saa tisa usiku na sirinji ya dawa

Umeme umekata tena hapa Ujiji, nimekaa kitandani na tochi ya simu nasubiri alamu ya saa tisa. Siku ya nne hii toka turudi kutoka Dar na kijana wangu, miaka mitatu, kilo 12. Safari yenyewe sisimulii, njia ile na mtoto mwenye mshono mbavuni acha tu.

Alizaliwa na ule mshipa wa karibu na moyo ambao unatakiwa ujifunge wenyewe mtoto akishazaliwa, wake ukagoma, wanaita PDA. Madaktari wakapita katikati ya mbavu za kushoto wakaufunga. Sasa kidonda cha mguu si unaulaza mguu yanaisha, kifua utakilazaje? Kila pumzi kinatikisika, akikohoa ndo balaa, na mishipa ya fahamu imepita hapohapo chini ya mbavu.

Wodini siku ya pili nilimwambia nyamaza baba, we mwanaume. Akanyamaza kweli! Nikampigia mama yangu kwa furaha kabisa, nikamwambia mjukuu wako anaendelea vizuri, halii hata kidogo. Nesi akaja, hakuuliza kama analia, akamwangalia tu. Uso umejikunja, magoti kayavuta tumboni, mwili mkavu kama ubao, na pindo la khanga yangu kalikamata mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Akaniambia mama, huyu ana sita hapa. Kumbe wana vitu vitano wanaangalia kupima maumivu, uso, miguu, anavyojigeuza, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla kumi. Kilio ni kimoja tu kati ya vitano jamani, na mimi nilikuwa nasikiliza hicho tu. Akaongeza kwamba mtoto mwenye maumivu anapumua nusunusu, anaogopa kukohoa, makohozi yanakaa ndani na nimonia inaingia. Nililia mimi sasa.

Ndo maana dawa tunampa kwa saa mpaka Jumamosi kama daktari alivosema, hatungoji alie. Paracetamol ya maji, ile ya miligramu 120 kwa mili 5, yeye anapata mili 7.5 kila masaa sita, haizidi mara nne kwa siku. Bibi yake juzi alimpa kijiko kimoja cha chai akaniambia tayari nshampa, si ugomvi huo, yani vijiko vya humu ndani kila kimoja na ukubwa wake. Saivi sirinji nalala nayo.

Akitaka kukohoa namkunjia khanga anaikumbatia kwa nguvu ubavuni. Mchana anapuliza mapovu ya sabuni na mrija wa peni, anajua ni mchezo, kumbe anavuta pumzi ndefu. Mkono wa kushoto ndo bado, jana kaangusha dagaa upande huo akamwita bibi amwokotee.

Alamu hiyo. Nimemgusa tu shavu, kafungua mdomo kabla ya macho.