Mashine ya papa bado inavuta

Leo asubuhi nilikuwa karibu na reli hapa Lubumbashi, nikaisikia kabla sijaiona. Ile mashine ya treni, ya dizeli, ambayo papa, baba yangu, alikuwa akiendesha hadi Sakania, mji wa mpakani na Zambia, mimi nikiwa mtoto! Reli ilifika mji huu mwaka 1910. Mashine za mvuke zimekwisha, hii bado iko kazini. Imebadilishiwa injini, imepakwa rangi juu ya rangi. Lakini ngazi ni ile ile, chuma kimelika pale wanapokanyaga mguu wa kushoto. Papa alinifundisha: dizeli inazungusha jenereta, umeme ndio unaosukuma magurudumu. Nimempigia mama simu asikie mlio. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Inaenda Sakania?”