Upepo wa jua ulivyonivumia kinyume

Grafu ilisema upepo unavuma kuelekea kwenye Jua. Nilikaa mbele yake hadi chai ikapoa. Mwaka 1958 mwanafizikia Eugene Parker alieleza kwamba anga ya nje ya Jua ni ya moto mno kutulia, ni lazima imiminike kwenda nje, na miaka michache baadaye vyombo vya angani vikauthibitisha upepo huo. Leo mimi, mtoto wa Muheza mwenye miezi minne tu kwenye mkataba wa utafiti wa baada ya uzamivu, niwe wa kwanza kuuona ukirudi nyumbani? Nilijua nimekosea. Ila wapi?

Nieleze kazi yenyewe kwanza. Natumia LOFAR, darubini ya redio ambayo kitovu chake kiko karibu na kijiji cha Exloo, Uholanzi. Usifikirie dishi. Ukifika pale unaona majani, maji, na safu za mapande meusi yaliyolala chini. Mtu wa kwetu angeapa ni vitalu vya miche vilivyofunikwa nailoni. Chini ya ile nailoni ndiko ziliko antena, na hakuna hata moja inayogeuka. Kompyuta ndiyo inayochelewesha na kujumlisha mawimbi ili "kutazama" upande unaoutaka. Vituo vingine viko Ujerumani, Ufaransa, Sweden, Poland, Uingereza, na kimoja kiko Birr, Ayalandi, karibu kilomita 1,000 kutoka Exloo.

Sasa upepo unaupimaje bila kuugusa? Nyumbani, mvua ikitokea baharini, kaka yangu aliyeko Tanga mjini hupiga simu: "Huku imeshaanza, waambie waanue nguo." Ukihesabu muda kati ya simu yake na tone la kwanza Muheza, umepata mwendo wa wingu. Kazi yangu ni hiyohiyo. Mawimbi ya redio kutoka kwenye kitu kidogo cha mbali sana, kama kwasari 3C48 (kwasari ni kiini cha galaksi kinachong'aa mno), yakipita kwenye upepo wa jua wenye mabonge na mapengo, hufika kwetu yakimetameta, kama nyota inavyometameta ikitazamwa kupitia hewa. Mmetameto huo huanguka duniani kama kivuli chenye madoa, kikikokotwa na upepo. Kikifika Birr saa hii na Exloo sekunde mbili baadaye, gawanya umbali kwa muda.

Jambo hili liligunduliwa Cambridge na kutangazwa mwaka 1964 na Antony Hewish na wenzake. Kisha akajenga uwanja mzima wa nguzo na nyaya kwa ajili yake, masafa ya megahezi 81.5, na mwaka 1967 mwanafunzi wake Jocelyn Bell akakuta palsa humo, yaani nyota inayotuma mipigo ya redio. Watu wote wanakumbuka palsa. Sisi wa upepo wa jua tumebaki kunung'unika kwamba uwanja ule ulikuwa wetu.

Miezi mitatu ya mwanzo ilinipotea kwenye ionosfia. Ni tabaka la anga yetu wenyewe, kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu, nalo pia hutikisa mawimbi ya redio. Nilikuwa nikifurahia mawimbi makubwa mazuri kwenye data, kumbe ni lenyewe. Nililibaini kwa njia mbili. Kwanza halina haraka: linapanda na kushuka kwa sekunde nyingi, wakati upepo wa jua hutetemesha mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Pili, doa la ionosfia linaloonekana Exloo halijulikani kabisa Birr, bali lile la upepo wa jua huonekana kote kuwili. Nikachuja kila kinachobadilika polepole, nikabaki na mtetemo mdogo unaochosha macho. Huo ndio uliokuwa dhahabu.

Ndipo nikalinganisha vituo viwili, na kilele cha grafu, kinachoonyesha kituo kimoja kimechelewa nyuma ya kingine kwa sekunde ngapi, kikakaa upande usio wake. Zilikuwa data za zamani za mwezi Machi. Machi, 3C48 iko mashariki ya Jua, kwa hiyo kivuli hukimbilia mashariki: Birr kwanza, Exloo baadaye. Yangu ilianza Exloo.

Msimamizi wangu alitazama mara moja, akauliza tu, "Na Mei?" Akaenda zake kula. Ilinikera, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Ifikapo Mei Jua limeshaipita 3C48, kwa hiyo mwelekeo unapaswa kugeuka. Nikachakata za Mei. Zilikuwa zimegeuka kweli, ila nazo zikaelekea kwenye Jua. Basi kosa halikuwa angani, lilikuwa mezani kwangu.

Nililikuta saa tano usiku. Kituo cha Birr kinaitwa IE613, na kile nilichotumia Exloo CS002. Niliandika jozi nikianza na IE613, lakini mistari kadhaa chini, programu yangu mwenyewe ilikuwa ikipanga majina kwa alfabeti kabla ya kukokotoa. C ikatangulia I, alama ya kujumlisha ikawa ya kutoa. Neno moja. Nikalifuta, nikaendesha tena.

Kilele kikahamia sekunde 1.9, upande wake. Umbali kati ya vituo, ukiutazama kutoka ilipo kwasari saa ile, ulikuwa kama kilomita 820. Kama kilomita 430 kwa sekunde, basi: mwendo wa kawaida kabisa wa upepo wa jua, usiomshangaza yeyote. Nilimpigia kaka usiku uleule nikasahau kwamba Tanga ni usiku wa manane. "Mvua imeanza?" akauliza, na usingizi mdomoni.

Mahali neno lile lilipokuwa nimeacha onyo kwa Kiswahili: USIPANGE KWA ALFABETI. Mwenzangu Mpolandi aliyerithi programu hiyo alikuja kuniuliza maana yake, na siku hizi akikosea jambo lolote ofisini, hilo ndilo analolisema.