Siku moja maishani mwangu: mwamuzi wa kijiti, usiku wa fainali ya 4x400 wanaume

Nikirudi kutoka mashindano ya kimataifa watu wananiuliza kitu kimoja tu, umepiga picha na nani. Sijapiga na mtu! Mi ni mwamuzi wa eneo la kupokezana vijiti, nalipwa posho nitazame mikono na miguu ndani ya mita 20, na 4x400 ya wanaume (wanne wa timu moja, kila mmoja mita 400, wanapeana kijiti), ambayo mara nyingi ndo inafunga mashindano usiku wa mwisho, naiona vipande vipande tu. Haya, siku yenyewe ilikwenda hivi.

Saa 12 asubuhi
Macho wazi, nyayo zinawaka moto. Mwanariadha anakimbia sekunde 45 anaenda kulala, sisi tunasimama toka asubuhi mpaka usiku. Chai, kisha basi la waamuzi.

Saa 3 asubuhi
Kikao. Chifu wetu ni mama mmoja ana sauti ndogo lakini akiongea hata kalamu zinaacha kuandika. Anagawa nafasi, mi napewa kupokezana kwa pili na kwa tatu, upande wa wanaoondoka. Anarudia yale yale ya kila siku: kinachohesabiwa ni kijiti, sio mwili, mtu anaweza kuwa ameshatoka na mguu mmoja nje ya eneo lakini kama kijiti kimebadilisha mikono ndani basi halali, na kupokezana kumeisha pale tu kijiti kinapobaki kwenye mkono wa anayepokea peke yake. Halafu akafunga, "Msiniletee karatasi yenye neno nadhani. Andika ulichokiona, refa ndo atamtafuta aliyekosea."

Saa 5
Tunatembea uwanjani kukagua alama. Kijana mmoja wa kujitolea kaniuliza, "Mwalimu, mbona mpokeaji wa leni ya 8 anasimama mbele kabisa kule, si anaibia?" Haibii. Wa kwanza anamaliza mzunguko mzima ndani ya leni yake, wa pili naye anabaki kwenye leni mpaka amalize kona ya kwanza, afike kwenye ule mstari wa kijani wenye vikoni vidogo, hapo ndo ruhusa ya kuingia ndani. Yaani ni kona tatu watu wako kwenye leni, kwa hiyo wa nje wanasogezwa mbele zaidi kuliko kwenye mita 400 ya kawaida, na lile eneo la kwanza la kupokezana kila leni ina lake. Kuanzia wa pili kwenda wa tatu, na wa tatu kwenda wa mwisho, wote wanabanana sehemu moja, mita 10 kabla ya mstari wa kumalizia na mita 10 baada. Timu nane hapo, kumi na sita ukihesabu wanaoleta na wanaopokea. Soko la samaki boti ikiingia.

Saa 7 mchana
Chakula, na ubishi. Kuna mzee mwenzetu hawezi kula bila kutaja Olimpiki ya Munich 1972, Kenya dhahabu, Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko, Julius Sang, anaimba majina kama kikosi cha mpira. Kijana mmoja kamchokoza, "Mzee, Wamarekani si hawakuwepo?" Na ni kweli, Vince Matthews na Wayne Collett walifungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani kupokea medali za mita 400, mwingine kaumia, timu haikutimia. Mzee kaweka kijiko chini. "Mexico 1968 walikuwepo au hawakuwepo? Na fedha tulichukua sisi." Kijana akanyamaza, maana 1968 Wamarekani waliweka rekodi ya dunia ya 2:56.16, sasa kushika nafasi ya pili nyuma ya watu wale sio bahati nasibu, na mmoja wa wale Wakenya wanne ni Daniel Rudisha, baba yake David, yule bingwa wa mita 800.

Wengine tukahamia Botswana. Paris 2024 walikimbia 2:54.53, Marekani 2:54.43, sehemu ya kumi tu ya sekunde! Na rekodi ya dunia yenyewe, 2:54.29 ya Marekani pale Stuttgart 1993, timu zote mbili ziliikaribia usiku mmoja. Mi msimamo wangu ni kwamba sehemu ya kumi haipatikani kwenye mapafu, inapatikana kwenye mikono. Nikachekwa, eti fundi viatu huona viatu tu. Sawa.

Saa 10 jioni
Vifaa. Vijiti vinapimwa, urefu sentimita 28 mpaka 30, uzito usipungue gramu 50. Bendera nyeupe, bendera ya njano, tepu, karatasi, kalamu mbili. Twende mbele.

Saa 2 usiku
Chifu katuita tena, dakika tano tu. Hotuba yote ilikuwa ya mashindano ya dunia ya Tokyo 2025. Kwenye mchujo wa 4x400 wanaume Marekani na Kenya walikwazwa na timu nyingine kwenye eneo la kupokezana, mwisho wa yote wakaamriwa wakimbie wenyewe wawili siku iliyofuata, Marekani ikashinda ikaingia fainali, na usiku ule ule Botswana wakawapiga, timu ya kwanza ya Afrika kuwa bingwa wa dunia wa mbio hizi. "Kwa hiyo," Chifu anasema, "kila mtu atamwangalia anayeondoka na kijiti. Nyie angalieni aliyemaliza."

Hili watu wa nje hawalijui. Anayepokea ni mzima, ana akili zake zote, amegeuka anamtazama mwenzake anakuja, ananyoosha mkono wa kushoto, anachukua, anahamishia kulia, kaenda. Mwenye hatari ni yule aliyekabidhi. Miguu imejaa asidi, macho hayaoni, anataka kulala popote, na nyuma yake kuna timu bado zinafika kwa kasi. Sheria inamtaka abaki kwenye leni au nafasi yake mpaka njia iwe wazi. Jaribu kumwambia hilo mtu ambaye hajui hata jina lake kwa wakati huo.

Saa 3 na nusu usiku
Wanaingia. Wa pili, wa tatu na wa nne wanakaa na sisi. Mmoja alikuwa anajifuta kiganja kwenye kaptula, anafuta, anatazama kiganja, anafuta tena, nikakikagua, kikavu kabisa, hakuna poda hakuna gundi (hairuhusiwi). Nikamwambia, "Kaka, kiko safi." Kaitikia kwa kichwa, kaendelea kufuta.

Saa 3 na dakika 42
Mlio. Kupokezana kwa kwanza kunapita vizuri, sio kwangu hata hivyo. Wa pili wakaingia ndani wakasukumana kidogo kama kawaida. Huku kwetu mwenzangu anapanga wapokeaji, kuanzia ndani kwenda nje, kwa kufuata timu zao zilivyopita alama ya mita 200, na ukishapangwa hapo hubadilishani na mtu hata mwenzako akipita wengine watatu kwenye mnyoosho wa mwisho. Kwa pili, safi.

Kwa tatu ndo kwenye kazi. Jezi ya kijani alikuwa wa tatu kwenye alama, akatoka kona kama kafunguliwa kamba, akampita wa pili. Mpokeaji wake kaona, kaanza kujisogeza ndani. "Kaa!" Mwenzangu kapiga kelele, kijana karudi, bahati yake. Vijiti vikapita, viwili, vitatu, vinne. Hapo jezi nyeupe, ameshakabidhi, kayumba. Leni ya 1, ya 2, kafika ya 3, na jezi ya zambarau anaingia na kijiti mkononi. Akafunga breki, akazunguka kwa nje, mpokeaji wake alishaanza kuondoka ikabidi asimame ageuke, kijiti kikabadilisha mikono mwisho kabisa wa eneo, kabla ya mstari. Kihalali. Lakini mwendo wote ushakufa.

Bendera ya njano juu, yaani kuna kosa. Nikabandika tepu pale pale alipokatizwa. Nyuma yangu uwanja unalipuka, kuna mtu anamaliza, kuna mtu kashinda, mi niko chini nabonyeza tepu kwa kidole gumba.

Saa 4 usiku
Karatasi. "Jezi nyeupe, mkimbiaji wa tatu, baada ya kukabidhi, alitoka leni ya 1 hadi ya 3, jezi ya zambarau akapunguza mwendo na kupita nje." Basi. Sikuandika makusudi wala bahati mbaya, maana hicho sikukiona, nimeona miguu.

Kwenye korido kocha wa nyeupe kanidaka. "Mwalimu, yule kijana alikuwa hoi tu, we mwenyewe ulimwona." Nilimwona, ndio, na nilimwonea huruma, lakini hiyo hoja ni ya refa na video yake. Nikamwonyesha mlango. Ana nusu saa toka matokeo yatangazwe kuleta malalamiko, na hiyo nusu saa makocha wanaijua kuliko tarehe zao za kuzaliwa.

Saa 5 kasoro
Kwenye ubao nyeupe wamefutwa. Wakakata rufaa kwa jopo. Zambarau nao wanalalamika, wanataka nafasi ya kukimbia tena, na uwanja wenyewe taa za upande mmoja zishazimwa. Chifu kasoma karatasi yangu mara mbili, kaniuliza swali moja tu, mguu upi uliingia leni ya 3 kwanza. Wa kulia. "Kaandike."

Saa 6 usiku
Tuko ndani ya basi, jopo bado wanajadili, mzee wa Munich anamwambia dereva asubiri.