Nilivyojifunza nasi lemak Gombak, na ninavyoipika sasa Tanga

Sisi tuliokulia Tanga wali wa nazi tunaujua kwa chakula cha mchana, na samaki wa kupaka au kunde pembeni. Malaysia wanauamkia. Jua halijatoka, tayari umeshafungwa kwenye jani la mgomba na karatasi ya kaki, umepangwa mezani kando ya barabara, na watu wanashuka kwenye pikipiki kuuchukua wakienda kazini. Wanauita nasi lemak. Nilisoma kule miaka kadhaa, na katika yote niliyorudi nayo, kuweza kupika chakula hiki kama wanavyokipika wenyewe ni jambo ninalolifurahia mno, kwa sababu hakuna aliyenifundisha darasani.

Nilikaa Gombak, kaskazini ya Kuala Lumpur, karibu na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, ambako Waswahili hatukuwa wachache. Kifurushi kidogo cha nasi lemak wakati ule kilikuwa ringiti, fedha ya Malaysia, moja na nusu au mbili. Ndani yake: wali, kijiko cha sambal (rojo la pilipili la kukaanga), dagaa wa kukaanga, karanga na maganda yake, vipande vya tango, na nusu au robo ya yai la kuchemsha. Mwanafunzi akila hicho saa moja asubuhi anafika adhuhuri bila shida. Anayetaka zaidi anaongeza kuku wa kukaanga, rendang ya ng'ombe, yaani nyama iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka ikakauka, au ngisi wa sambal, na hapo bei inapanda.

Mama niliyekuwa nikinunua kwake nilimwita Makcik, yaani shangazi, kama alivyoitwa na kila mteja wa umri wangu. Meza yake ilikuwa chini ya mwavuli mkubwa, mita chache kutoka msikitini, na wateja wa kwanza walikuwa watu wanaotoka kuswali alfajiri. Siku moja nilimwomba anifundishe. Aliniambia, "Mwanangu, njoo unisaidie kufunga." Basi kila nilipokuwa sina kipindi asubuhi nilikwenda jikoni kwake kabla ya alfajiri, na mwanzoni sikugusa sufuria hata moja. Nilifuta majani kwa kitambaa, nikayababua kidogo juu ya moto ili yasipasuke, nikayaweka juu ya karatasi. Wali unapimwa kwa bakuli dogo, unamiminwa ukiwa wa moto, sambal inawekwa kando na si juu yake, kisha karatasi inakunjwa ikasimama na ncha. Ule moto wa wali ndio unaolitoa jani harufu. Ukifunga wali uliopoa, jani halina kazi.

Kidogo kidogo akaniachia niangalie. Wali wake hauchemshwi na tui moja kwa moja kama tunavyofanya nyumbani, ingawa Wamalay wengi siku hizi wanatumia sufuria ya umeme na wanapata wali mzuri tu. Makcik aliloweka mchele, akauivisha nusu kwa mvuke, akautoa, akauchanganya na tui lenye chumvi, akaurudisha kwenye mvuke pamoja na tangawizi iliyopondwa na majani ya pandani yaliyofungwa fundo. Pandani ni jamaa ya mkadi wetu, ila wao wanatumia jani, sisi tunataka ua. Wali wa namna hiyo unatoka punje mojamoja, na tui limeingia ndani ya punje badala ya kuigandisha.

Lakini wali si kazi kubwa, hasa kwa mtu wa pwani. Kazi ni sambal. Hapo ndipo wateja wanapompa mama mmoja foleni na mwingine wakampita. Makcik alitumia pilipili kavu ndefu, akazikata kwa mkasi, akakung'uta mbegu, akaziloweka maji ya moto na kuyamwaga maji hayo. Akazisaga na vitunguu vidogo vyekundu, vitunguu saumu na kipande cha belacan kilichochomwa kwanza. Belacan ni uduvi waliotiwa chumvi, wakachachuka, wakatwangwa na kuanikwa mpaka wakawa tofali. Harufu yake mbichi ni kali, lakini ikishaungua kidogo inageuka utamu wa bahari. Mchanganyiko huo aliukaanga kwa mafuta mengi, moto mdogo, akikoroga bila kuondoka, mpaka rangi ikaiva kuwa nyekundu iliyokolea na mafuta yakajitenga yakaelea juu. Hapo tu ndipo alipotia ukwaju, sukari ya mnazi, chumvi na vitunguu vya kukatwa duara. Ukitia kabla mafuta hayajajitenga, sambal inabaki na ukali wa pilipili mbichi, na haikai hadi kesho.

Niliporudi Tanga nilianza kutafuta vitu vya hapa. Dagaa walikuwa rahisi kuliko vyote. Wale wa Malaysia ni jamaa wa karibu wa dagaa mchele wetu, na hata utayarishaji ni ule ule: wanachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani. Nanunua soko la samaki la Deep Sea, nawachambua, nawaosha haraka, nawakausha kabisa ndipo nawakaanga. Karanga tunazo, majani ya mgomba yapo uani, nazi nakuna mwenyewe.

Pilipili zilinichukua muda zaidi. Kavu za sokoni ni zile ndogo kali, na sambal inahitaji pilipili nyingi kwa ajili ya rangi na uzito wake, si kwa kumchoma mtu. Nilizipata kwenye duka la viungo la Wahindi mjini: pilipili za Kashmiri, ndefu, nyekundu, zisizo kali sana. Sukari ya mnazi nimeweka sukari guru, na tofauti naiona ndogo. Vitunguu maji vyetu vina maji mengi, kwa hiyo vinataka kukaangwa muda mrefu zaidi kabla mafuta hayajajitenga. Badala ya pandani natia mchaichai na tangawizi. Harufu ni nyingine, lakini ni nzuri, na kuna Wamalay wenyewe wanaotia mchaichai.

Kwa mvuke natumia sufuria na chujio pana la bati lililofunikwa kitambaa safi. Kwa vikombe vitatu vya mchele natia tui zito kama kikombe kimoja na robo, baada ya kuuivisha nusu. Mchele mpya unanata, kwa hiyo natafuta uliokaa.

Belacan nimeibadilisha kwa uduvi wakavu, waliokaangwa bila mafuta na kutwangwa na chumvi. Inakaribia, haifiki, kwa sababu haijachachuka.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia, nasi lemak, roti canai (chapati ya tabaka) na teh tarik (chai ya maziwa ya kuvuta) vikiwemo, katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika. Nilifurahi kwa ajili ya kina mama wa meza za barabarani kuliko kwa ajili ya hoteli zinazouweka wali huo kwenye sahani kubwa na kuuza mara kumi ya bei. Wao ndio wanaoloweka mchele usiku na kuamka saa tisa.

Sasa Jumamosi nafunga vifurushi vya majirani na wenzangu wa kazini, na wanaviagiza tangu Alhamisi. Wiki hii nimetia uduvi wabichi chumvi kwenye mtungi, nimewafunika, nawaanika mchana na kuwatwanga tena jioni, nione kama belacan ya Tanga itakubali.